Pistoni iliyochakaa: Ibadilishwe sasa au iachwe iendelee?

VOI

Mwendeshaji anayeondoka Maungu kuelekea Kasigau kwa pikipiki kuukuu hana budi kujiuliza swali moja kabla ya kuiwasha: je, pistoni iliyomo ndani ya injini itamfikisha aendako na kumrudisha salama?

Swali hilo si la ufundi pekee. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta. Pikipiki ikizimika jioni kwenye njia ya vumbi, mwenyewe huenda akajikuta peke yake katika mapito ya ndovu.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Pistoni ikikwama ndani ya silinda wakati pikipiki iko mbioni, gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ambapo malori hufuatana usiku na mchana, sekunde chache za kuteleza zinatosha kuleta maafa.

Hata hivyo, kubadilisha vipuri ambavyo bado vina uhai ni kupoteza fedha. Ndiyo maana uamuzi huu haufai kufanywa kwa kubahatisha wala kwa kusikiliza mlio wa injini peke yake, bali kwa vipimo.

Pikipiki zinazohusika

Pikipiki nyingi za bodaboda zinazoonekana Voi, Mwatate na Taveta ni za injini ya mipigo minne. Idadi yake iliongezeka kwa kasi nchini baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008.

Kabla ya hapo, pikipiki za mipigo miwili, ambazo mafundi huziita tu-stroki, zilikuwa na heshima yake mashambani. Aina ya Yamaha AG100 ilitumiwa sana barani Afrika na maofisa wa kilimo, mashirika ya misaada na makanisa. Yamaha DT125 na DT175 nazo zilipendwa na watu waliosafiri katika njia mbovu. Nyingine, kama vile YZ125 na YZ250, zilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya vumbi na matope.

Injini hizi zina sifa ya kuwa nyepesi, zenye nguvu kuliko ukubwa wake, na rahisi kufunguliwa na fundi mwenye spana chache. Lakini wepesi huo una gharama yake, nayo hulipwa na pistoni.

Kazi ya pistoni

Katika injini ya mipigo minne, mafuta ya petroli hulipuka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Katika ile ya mipigo miwili, mlipuko hutokea kila mzunguko. Pistoni haipati nafasi ya kupumzika wala kupoa.

Aidha, pistoni ya injini ya mipigo miwili hufanya kazi ya vali. Inapopanda na kushuka hufunga na kufungua matundu yaliyo kwenye ukuta wa silinda, ambayo hupitisha hewa yenye petroli na kutoa moshi. Ringi za pistoni hupita juu ya matundu hayo maelfu ya mara kila dakika.

Hesabu ndogo inaweza kuonyesha uzito wa kazi hiyo. Pistoni ya Yamaha DT125 husafiri milimita 50 kupanda na milimita 50 kushuka katika kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni huwa imesafiri mita 600 kwa dakika, yaani kilomita 36 kwa saa, ikisugua ukuta ule ule.

Kinachoizuia isiungue ni utando mwembamba wa oili. Katika injini ya mipigo minne oili hukaa chini ya injini na kuzungushwa. Katika injini ya mipigo miwili oili huingia pamoja na petroli, hupaka sehemu zinazosuguana, kisha huungua na kutoka kama moshi. Petroli isipoingia kwa wingi unaofaa, oili nayo hupungua.

Kwa nini Taita Taveta huchosha injini

Adui wa kwanza ni vumbi. Udongo mwekundu wa Tsavo, ule unaowafanya hata ndovu waonekane wekundu, ni laini na hupenya kila mahali. Ijapokuwa barabara ya Voi kwenda Taveta kupitia Mwatate ina lami, njia nyingi za kuelekea Kasigau, Sagalla na vijiji vya pembezoni mwa mbuga bado ni za udongo. Chujio la hewa likiwa limechanika au halijapakwa oili inavyotakiwa, vumbi huingia ndani na kufanya kazi ya msasa.

Adui wa pili ni miteremko. Mtu anayeshuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate hupita kona na mteremko mrefu. Mwendeshaji akifunga akseleta huku gia ikiwa imeingia, injini huzunguka kwa kasi ilhali petroli inayoingia ni kidogo mno. Kwa pikipiki ambazo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, hiyo ina maana kwamba pistoni inakimbia bila oili ya kutosha. Dawa yake ni kufungua akseleta kidogo kila baada ya muda mfupi, na kutegemea breki zaidi kuliko injini.

Adui wa tatu ni mafuta machafu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hulipuka ovyo kabla ya wakati wake na kukitoboa kichwa cha pistoni vishimo vidogo vidogo. Uovu huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilianza kutoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kupunguza tamaa ya wachanganyaji.

Vile vile kuna kosa la kusahau. Mtu aliyezoea bodaboda ya mipigo minne akiazimwa pikipiki ya kuchanganya oili, huenda akatia petroli tupu kituoni na kuendelea na safari. Injini yaweza kukwama kabla hajafika mbali.

Dalili za awali

Dalili ya kwanza ya uchakavu ni pikipiki kuwa ngumu kuwaka, hasa ikiwa na joto. Ya pili ni nguvu kupungua mlimani, hata mwendeshaji akalazimika kuteremsha gia mahali ambapo zamani hakuhitaji kufanya hivyo. Ya tatu ni mlio wa kugonga-gonga injini inapokuwa baridi, unaopungua inapopata moto. Mlio huo hutokana na pistoni kuyumba ndani ya silinda iliyopanuka.

Lakini dalili hizi zaweza kuwa na sababu nyingine. Plagi mbovu, kabureta iliyoziba au ekzosi iliyojaa masizi huleta shida zinazofanana. Kwa hivyo ni busara kusafisha chujio, kubadilisha plagi na kukagua ekzosi kabla ya kuilaumu pistoni.

Kipimo cha mgandamizo

Kipimo kisichohitaji kufungua injini ni cha mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni. Injini hupashwa moto, plagi hutolewa, kisha kifaa cha kupimia hufungwa mahali pake. Akseleta hufunguliwa yote na kikanyagio cha kuwashia hukanyagwa mara kadhaa hadi mshale usipande tena.

Nambari inayopatikana haina maana kubwa ikiwa peke yake, kwa kuwa kila aina ya injini ina kipimo chake na vifaa vya kupimia hutofautiana. Thamani yake huonekana inapolinganishwa na ile iliyopatikana injini ilipokuwa mpya au ilipokarabatiwa. Kwa mfano, injini iliyokuwa ikitoa pauni 150 kwa inchi mraba ikishuka hadi 120, imepoteza asilimia 20, nayo yafaa kufunguliwa.

Wakazi wa Taita wanapaswa kukumbuka jambo moja zaidi. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda. Kwa kila mita 800 za mwinuko, shinikizo la hewa hupungua kwa takriban asilimia 9. Injini iliyopimwa Voi ikipimwa tena milimani itaonyesha nambari ndogo hata kama haijachakaa. Kwa hiyo vipimo vinavyolinganishwa sharti vifanywe mahali pamoja na kwa kifaa kimoja.

Injini ikifunguliwa

Kichwa cha silinda na silinda yenyewe vikishatolewa, pistoni husimulia historia yake.

Madoa ya rangi ya kahawia chini ya ringi yanaonyesha kwamba moto unapenya pembeni, yaani ringi hazizibi tena. Mikwaruzo upande wa ekzosi huashiria joto jingi au upungufu wa oili. Upande wa kuingizia hewa ukiwa umefifia kama uliosuguliwa kwa msasa, vumbi limekuwa likipita kwenye chujio. Vishimo juu ya kichwa cha pistoni ni alama ya petroli mbovu au ya moto wa plagi kuwahi kabla ya wakati wake.

Ufa wowote kwenye sehemu ya chini ya pistoni, hata ukiwa mwembamba kama unywele, unamaliza mjadala. Pistoni hiyo hairudi ndani ya injini. Kipande chake kikikatika huanguka kwenye krenki na kuharibu kila kinachozunguka.

Baada ya kutazama, hupimwa. Ringi huingizwa ndani ya silinda peke yake, ikasukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pengo kati ya ncha zake mbili hupimwa kwa vibati vya kupimia nafasi. Kanuni ya jumla ni pengo la karibu milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo cha silinda. Kwa DT125 yenye kipenyo cha milimita 56, pengo la ringi mpya litakuwa milimita 0.2 hivi, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho.

Pengo hilo ni kioo kizuri cha uchakavu kwa sababu hukuza kilicho kidogo. Ringi ikilika kwa milimita 0.1 tu kuzunguka uso wake wa nje, pengo huongezeka kwa zaidi ya milimita 0.6. Kwa hivyo uchakavu usioonekana kwa macho hudhihirika wazi hapo.

Kipimo kingine ni nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Pistoni hupimwa kwa maikromita karibu na ukingo wake wa chini, upande usiokuwa na tundu la pini. Silinda nayo hupimwa juu, katikati na chini, na katika pande mbili zinazokingamana, kwa kuwa silinda iliyochakaa huwa si duara kamili tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo nafasi yenyewe. Katika injini nyingi ndogo za aina hii nafasi mpya ni karibu milimita 0.05. Ikifika milimita 0.1 au zaidi, wakati wa kuchukua hatua umewadia.

Fundi asiye na maikromita hapaswi kukisia. Ni heri silinda na pistoni vipelekwe kwenye karakana yenye mashine, hata kama ni Mombasa, umbali wa takriban kilomita 150 kutoka Voi, kuliko kufunga vipuri kwa kuamini jicho.

Njia nne za kuamua

Baada ya vipimo, mwenye pikipiki hubaki na njia nne.

Njia ya kwanza ni kuacha kila kitu kama kilivyo. Hii yafaa pale ambapo pengo la ringi na nafasi ya pistoni vimo ndani ya mipaka ya kitabu, na hakuna ufa wala mikwaruzo mirefu. Fundi ataondoa masizi, ataweka gasketi mpya na kufunga.

Njia ya pili ni kubadilisha ringi peke yake. Hufaa tu ikiwa silinda bado ni duara na pistoni haijalika, bali ringi zimepungua au zimenata kwa masizi. Wengi huichagua kwa sababu ni ya bei nafuu, lakini ringi mpya ndani ya silinda iliyopanuka haiwezi kuziba. Mwenye pikipiki huona nafuu kwa siku chache, kisha shida hurudi na fedha zimekwenda.

Njia ya tatu ni kubadilisha pistoni na ringi kwa saizi ile ile. Huchukuliwa iwapo silinda imo ndani ya kipimo lakini pistoni ndiyo iliyochakaa, jambo linalotokea mara nyingi kwa sababu pistoni ni ya aluminiamu na silinda nyingi za zamani ni za chuma kigumu zaidi.

Njia ya nne ni kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi. Hii haikwepeki silinda ikiwa imepoteza umbo lake au ina mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha. Pistoni za ziada kwa kawaida huuzwa kwa hatua za milimita 0.25 hadi kufikia milimita 1.00. Maana yake ni kwamba silinda ina akiba ya kuchongwa mara nne hivi, na kila uchongaji usio wa lazima hula akiba hiyo. Fundi anayechonga kila injini anayoifungua anamkopa mteja maisha ya silinda yake.

Ieleweke pia kwamba si silinda zote huchongwa hivyo. Pikipiki nyingi za kisasa za mashindano zina silinda za aluminiamu zilizopakwa utando mgumu. Utando huo ukichanika, silinda hupakwa upya na wataalamu au hubadilishwa.

Krenki isisahaulike

Kabla ya kununua pistoni mpya, fundi hana budi kukagua konrodi na beringi zake. Konrodi hushikwa na kuvutwa juu na chini pistoni ikiwa imetolewa. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, beringi ya chini imekufa na krenki inahitaji kukarabatiwa.

Kuweka pistoni mpya juu ya krenki mbovu ni sawa na kupaka rangi nyumba yenye msingi uliopasuka. Mgandamizo mpya huongeza mzigo kwenye beringi iliyochoka, na konrodi ikikatika huenda ikapasua injini nzima. Hapo ndipo mwenye pikipiki hujutia fedha alizodhani ameokoa.

Hii ndiyo hesabu halisi ya gharama. Bei ya pistoni, ringi, pini na gasketi hailinganishwi na bei ya leo pekee ya kutofanya lolote, ambayo ni sufuri. Hulinganishwa na bei ya injini nzima, siku za kazi zitakazopotea na uwezekano wa kuumia. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta.

Wakati wa kufunga

Vipuri ghushi ni tatizo sugu nchini, ijapokuwa sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ilipitishwa mwaka 2008. Pistoni ipimwe kabla ya kulipiwa, na silinda ichongwe kufuata pistoni iliyo mkononi, wala si kufuata nambari iliyoandikwa kwenye kasha.

Vibanio vya pini havirudiwi kutumika hata vikionekana vizima. Mshale ulio juu ya pistoni huelekezwa kwenye ekzosi. Ncha za ringi hukaa kwenye vijiti vyake ndani ya mfereji, la sivyo zitanasa kwenye matundu na kuvunjika. Silinda ikishachongwa, kingo za matundu hulainishwa na vumbi la chuma huoshwa lote kwa maji ya moto na sabuni, kisha silinda hupakwa oili mara moja.

Kwa pikipiki zenye tangi la oili la pekee, kama AG100, pampu hutolewa hewa kabla ya injini kuwashwa. Kwa zile za kuchanganya, kiwango cha moja kwa hamsini ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli; cha moja kwa ishirini na tano ni mililita 40. Kipimo kifuate kitabu, na oili iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za mipigo miwili. Oili iliyomwagwa kutoka kwa gari haifai kamwe.

Injini mpya haikimbizwi. Safari za mwanzo ziwe fupi, za mwendo unaobadilika-badilika, na injini iachwe ipoe katikati. Kupanda Wundanyi ukiwa na mzigo siku ya kwanza ni kuialika pistoni ikwame. Mwendeshaji akihisi nguvu zinapotea ghafla, avute klachi papo hapo ili gurudumu libaki huru, kisha asimame kando.

Mwisho, nambari ya mgandamizo iliyopatikana baada ya ukarabati iandikwe katika daftari pamoja na tarehe, mahali ilipopimwa na saizi ya pistoni. Bila kumbukumbu hiyo, mwenye pikipiki atakayerudi kwa fundi baada ya mwaka mmoja hatakuwa na kitu cha kulinganisha, na uamuzi utakuwa wa kubahatisha kama ulivyokuwa mwanzo.